Kukokotoa alama mpya kwa GPS ya mkononi: mwongozo kamili kwa wasaka makasha

Katika mchezo wa kusaka makasha (geocaching), mtu huficha kasha na kuchapisha majiranukta, yaani namba za latitudo na longitudo, au fumbo la kuyapata, na wengine hulitafuta kwa GPS. Wasomaji wananiandikia jambo lile lile kila mara: fumbo limefumbuliwa, mwelekeo na umbali vimepatikana, namba zimeingizwa kwenye kifaa, lakini pale kinapoelekeza hapana kitu. Mmoja anaonyeshwa katikati ya bwawa. Mwingine anapekua kichaka kilicho mita 90 kutoka mahali wenzake walipolikuta kasha.

Nikipitia hatua zao moja baada ya nyingine, karibu kila mara hesabu ya kifaa ni safi. Kosa liko kwenye kile walichokilisha: alama ya kuanzia siyo, kaskazini siyo, au kipimo siyo. Kukokotoa alama, yaani kupata majiranukta ya mahali papya kutokana na alama ya kuanzia (mahali palipohifadhiwa kwenye kifaa), mwelekeo na umbali, ni kazi ya hesabu, na unaweza kuimaliza umekaa chini kabla ya kupiga hata hatua moja. Ukishaelewa hilo, matatizo mengi yanakwisha.

## Vitu vya kuwa navyo

- GPS ya mkononi yenye amri ya kukokotoa alama. Kwenye vifaa vingi vya Garmin amri hiyo imeandikwa "Project Waypoint". Utaipata ukifungua orodha ya alama zako, ukachagua alama moja, kisha ukabonyeza menyu.
- Maelezo ya kasha kama yalivyoandikwa na mwenye kasha, neno kwa neno. Muhtasari uliounakili kwa haraka hautoshi.
- Karatasi na kalamu.
- Kikokotoo chenye sin na cos. Kile cha simu kinafaa.
- Njia ya pili ya kukokotoa, isiyotegemea kifaa chako. Kwa wenye simu za Android, programu ya c:geo inaweza kazi hii.

Dira ya sumaku sikuiweka kwenye orodha, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Watu wengi husawazisha dira ya kifaa mara tatu nne kabla ya kukokotoa, wakidhani hapo ndipo usahihi unapoanzia. Hesabu hii haiigusi dira kabisa. Kifaa kinachukua majiranukta ya mwanzo, mwelekeo na umbali, kinatoa majiranukta mapya. Ungeweza kuifanya ndani ya chumba kisicho na dirisha ukapata jibu lile lile.

## Hatua ya 1: Soma maelezo kama mkataba

Kabla ya kuwasha kifaa, andika kwenye karatasi majibu ya maswali manne.

Unaanzia wapi? Ni majiranukta yaliyochapishwa juu ya ukurasa wa kasha, au ni kituo utakachokikuta njiani?

Mwelekeo unatoka wapi kwenda wapi? Hapa wengi huteleza. "Kutoka kwenye mnara, kasha liko digrii 210" ni tofauti kabisa na "ukisimama kwenye kasha, mnara uko digrii 210". Kwa maelezo ya pili lazima ugeuze: ukiwa na 180 au zaidi toa 180, ukiwa chini ya 180 jumlisha 180. Hapo 210 inakuwa 30.

Umbali uko kwa kipimo gani? Mita, futi, yadi au maili? Futi 1 ni mita 0.3048, yadi 1 ni mita 0.9144, na maili 1 ni mita 1,609.344. Geuza kila kitu kiwe mita na uandike jibu kamili bila kukadiria. Mtu akisoma futi 500 kama mita 500, amepitiliza kwa mita 347.6.

Kaskazini ipi? Kama mwenye kasha hakusema, chukua kaskazini ya kweli. Akitaja dira ya mkononi au kaskazini ya sumaku, mfuate yeye. Nitalirudia hili kwenye hatua inayofuata kwa sababu ndilo linalopoteza watu wengi kuliko mengine yote.

Ukiweza kumsomea mtu mwingine karatasi yako akaelewa pa kuanzia, upande na umbali bila kukuuliza swali, hatua hii imekamilika.

## Hatua ya 2: Panga kifaa kabla ya kuingiza namba

Fungua mipangilio na ukague mambo matano. Yafanye kila mara, hata kama kifaa ni chako peke yako, kwa sababu betri zikiisha vibaya au programu ya kifaa ikisasishwa, mipangilio huweza kurudi ilivyotoka kiwandani.

Muundo wa majiranukta. Makasha huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali tatu, kwa mfano N 45° 19.302'. Kifaa kikiwa kimepangwa kwa digrii, dakika na sekunde, ni rahisi kuandika 19' 30.2" ukidhani ni kitu kimoja. Dakika 0.302 ni sekunde 18.12, si 30.2. Kosa hilo peke yake ni zaidi ya mita 370.

Mfumo wa rejea wa ramani. Uwe WGS 84, ambao ndio GPS yenyewe hutumia. Mifumo ya zamani ya ramani za karatasi inaweza kukusogeza makumi au hata mamia ya mita bila kifaa kutoa onyo lolote.

Vipimo vya umbali. Viwe vya metriki kama umegeuza kila kitu kuwa mita. Chunguza pia kisanduku cha umbali kinakubali desimali ngapi. Kikikubali kilomita zenye desimali mbili tu, basi hatua ndogo kabisa ni mita 10, na umbali wa mita 647 utaandikwa 0.65. Umepoteza mita 3 hapo hapo. Kwa maili ni vibaya zaidi, maana maili 0.01 ni mita 16.

Kipimo cha pembe. Kiwe digrii. Baadhi ya vifaa vina mili za kijeshi, ambazo ni 6,400 kwa mzunguko mzima.

Kaskazini ya rejea. Kwenye Garmin hii iko ndani ya mipangilio ya mwelekeo, na chaguo unalolitaka kwa kawaida ni "True", yaani kaskazini ya kweli.

Hili la kaskazini linahitaji maelezo. Kaskazini ya kweli ni uelekeo wa ncha ya dunia, pale mistari yote ya longitudo inapokutana. Kaskazini ya sumaku ni pale sindano ya dira inapoelekea. Tofauti kati ya hizo mbili, mkengeuko wa sumaku, hubadilika kutoka mahali hadi mahali na mwaka hadi mwaka. Kuna sehemu ambako inakaribia sifuri, na huko mtu anaweza kusaka makasha kwa miaka bila kugundua kwamba kifaa chake kimepangwa vibaya. Siku akisafiri kwenda sehemu yenye mkengeuko wa digrii 8, akakokotoa umbali wa mita 640, anatua mita 89 pembeni mwa kasha. Yule wa mita 90 niliyemtaja mwanzoni ni ndugu wa kosa hili.

Kama fumbo limetolewa kwa kaskazini ya sumaku, una njia mbili. Unaweza kukipanga kifaa kwenye kaskazini ya sumaku na kukiacha kitumie jedwali lake la ndani. Au utafute mkengeuko wa mahali hapo na ugeuze mwenyewe: mkengeuko ukiwa wa mashariki jumlisha, ukiwa wa magharibi toa, kisha ukokotoe kwa kaskazini ya kweli. Mimi napendelea njia ya pili. Jedwali la kifaa cha zamani limepitwa na wakati. Modeli ya dunia ya usumaku yenyewe hutolewa upya kila baada ya miaka 5. Tena, kama mwenye kasha alipima kwa dira miaka mingi iliyopita, mkengeuko unaoutaka ni wa mwaka ule aliopima.

Chaguo la tatu, kaskazini ya gridi, liache isipokuwa maelezo yanaitaja waziwazi. Ni kaskazini ya mistari ya ramani, nayo hutengana na ya kweli kadiri unavyosogea mbali na ikweta na mbali na mstari wa katikati wa kanda ya ramani.

## Hatua ya 3: Tengeneza alama ya mwanzo iliyo sahihi

Kosa la alama ya mwanzo halipungui njiani. Ukianza mita 7 pembeni, utafika mita 7 pembeni, hata kama mengine yote ni kamili.

Kama majiranukta ya mwanzo yamechapishwa, yaandike kwa mkono kwenye alama mpya na uyatumie hayo. Usisimame mahali hapo ukahifadhi alama yako mwenyewe. Nimeona watu wakifika kwenye nguzo, kifaa kinaonyesha wako mita 6 kutoka kwenye majiranukta ya mwenye kasha, wanaamua "kumsahihisha". Lakini mwenye kasha alikokotoa kutoka kwenye namba zake, si kutoka kwenye nguzo. Ukizibadilisha umevunja hesabu yake.

Kama kituo cha mwanzo hakina majiranukta yaliyotolewa, mfano ukiambiwa "kutoka kwenye jiwe lenye herufi zilizochongwa", hapo itabidi upime mwenyewe. Weka kifaa juu ya jiwe, uso wake ukitazama anga, ujitenge kidogo ili mwili wako usizibe ishara. Kisha tumia amri ya kupima wastani kama kifaa chako kinayo. Garmin wenyewe wanashauri sampuli 4 hadi 8, zikiachana kwa angalau dakika 90, kwa sababu setilaiti zinakuwa zimehama na makosa ya sampuli moja hayafanani na ya nyingine. Si rahisi kukaa porini muda wote huo. Dakika chache za wastani ni bora kuliko usomaji mmoja wa haraka, ila jua kwamba bado umebeba kosa la mita kadhaa, na chini ya miti mikubwa au kando ya ukuta linaweza kuzidi hapo.

Ipe alama jina linalosomeka, kama MWANZO1. Usiiache na namba ambayo kifaa kimejichagulia, maana kwenye orodha ndefu utachukua isiyo yako.

Mwisho, soma majiranukta uliyoyaandika kutoka kwenye skrini kwenda kwenye karatasi, tarakimu moja moja, pamoja na herufi N au S na E au W. Zikilingana, endelea.

## Hatua ya 4: Kokotoa

1. Fungua orodha ya alama, chagua MWANZO1.
2. Bonyeza menyu, chagua amri ya kukokotoa alama.
3. Ingiza umbali, kisha mwelekeo. Angalia kipimo kilichoandikwa kando ya kisanduku kabla ya kuandika namba.
4. Hifadhi. Ipe alama mpya jina lake, mfano LENGO1.

Tahadhari mbili. Kwanza, kwenye menyu hiyo hiyo baadhi ya vifaa vina amri ya kuihamishia alama mahali uliposimama, Garmin wanaiita "Reposition Here". Ukiigusa kwa bahati mbaya, majiranukta ya mwanzo yamefutika. Pili, vifaa vingine hutoa njia ya kukielekeza kifaa kwenye kitu cha mbali na kukokotoa kutoka hapo uliposimama. Kwa kazi hii usiitumie. Inaanzia kwenye nafasi yako ya wakati huo na kutegemea dira, yaani vitu viwili tulivyokwisha kuvikataa.

Kama kifaa chako kinakubali digrii kamili tu, bila desimali, na fumbo limekupa 125.4, usikadirie. Kosa la digrii 1 ni mita 1.75 kwa kila mita 100 za umbali: kwa kilomita 1 ni mita 17, kwa kilomita 2 ni mita 35. Fanya hesabu kwenye simu au kompyuta, kisha andika majiranukta ya jibu kwenye GPS kama alama ya kawaida. Kifaa chenye amri dhaifu ya kukokotoa bado ni kizuri kabisa kwa kukufikisha.

## Hatua ya 5: Kagua kwa njia mbili tofauti

Usiondoke bado. Hatua hii inachukua muda mfupi na ndiyo inayorukwa na wengi.

Ukaguzi wa kurudi nyuma. Uliza kifaa umbali na mwelekeo kutoka LENGO1 kurudi MWANZO1. Umbali uwe ule ule, na mwelekeo uwe umegeuka kwa digrii 180. Ulikokotoa mita 640 kwa digrii 125? Kurudi kuwe mita 640 kwa digrii 305. Ukaguzi huu unakamata namba iliyoandikwa vibaya na alama ya mwanzo iliyochaguliwa kimakosa. Kuna kitu kimoja hauwezi kukikamata: kaskazini isiyo sahihi. Kifaa kilichokwenda kwa kaskazini ya sumaku kitarudi kwa kaskazini ya sumaku, na kila kitu kitaonekana kimelingana.

Ukaguzi wa hesabu ya mkono. Huu ndio unaokamata kaskazini. Tuchukue mfano: mwanzo N 45° 20.000' E 008° 10.000', mita 640, digrii 125 kwa kaskazini ya kweli.

Upande wa kaskazini: 640 × cos 125 = −367.1. Alama ya kutoa maana yake unakwenda kusini mita 367.1.

Upande wa mashariki: 640 × sin 125 = 524.3.

Dakika moja ya latitudo ni takriban mita 1,852. Kwa hiyo 367.1 ÷ 1,852 = dakika 0.198. Toa kwenye 20.000, unapata N 45° 19.802'.

Dakika ya longitudo hupungua kadiri unavyoiacha ikweta, kwa hiyo zidisha 1,852 kwa cos ya latitudo. Cos ya 45° 20' ni 0.703, hivyo dakika moja hapo ni kama mita 1,302. Kisha 524.3 ÷ 1,302 = dakika 0.403. Jibu ni E 008° 10.403'.

Kifaa kinachofuata umbo la WGS 84 kitakupa N 45° 19.802' E 008° 10.401'. Tofauti ya 0.002 kwenye longitudo inatokana na dunia kutokuwa tufe kamili, na ardhini ni pungufu ya mita 3. Kwa umbali wa kilomita moja au mbili, tofauti ya mita chache namna hii ni ya kawaida. Ukiona makumi ya mita, rudi kwenye hatua ya 2.

Mambo mawili huharibu hesabu hii. Kikokotoo kikiwa kwenye radiani, cos 125 inakuwa 0.788 badala ya −0.574, ukiona namba hiyo, badilisha iwe digrii. Na kusini mwa ikweta, kwenda kaskazini kunapunguza dakika za latitudo, kama vile magharibi mwa Greenwich kwenda mashariki kunavyopunguza za longitudo.

Halafu itazame alama kwenye ramani. Kwa makasha yaliyoorodheshwa kwenye tovuti ya geocaching.com, kasha la mwisho la fumbo kwa kawaida haliwi zaidi ya kilomita 3.2 kutoka kwenye majiranukta yaliyochapishwa. Likitua ng'ambo ya mto mkubwa, ndani ya ziwa au juu ya paa la kiwanda, shuku kwanza namba zako. Kama ukurasa wa kasha una kikagua majibu, kitumie sasa.

## Hatua ya 6: Nenda kwenye alama, usifuate digrii

Chagua LENGO1 na uanze safari kama unavyokwenda kwenye kasha lolote. Pita njia, zunguka uzio, vuka kwenye daraja. Majiranukta yanakungoja pale pale. Anayeshika digrii 125 na kukata moja kwa moja vichakani hukusanya kosa kila anapokwepa mti.

Sasa ndipo dira ya kifaa ina kazi. Isawazishe, hasa ukiwa umebadilisha betri, ili mshale uwe wa kuaminika unapotembea polepole.

Ukifikia mita 10, acha kuukimbiza mshale. Simama dakika moja namba zitulie, kisha sogea mahali zinapokuwa ndogo. Rudia kutoka upande mwingine. Eneo lililo kati ya sehemu hizo mbili ndilo la kuanzia kupekua. Chini ya anga wazi tazamia kosa la mita 3 hadi 5 la kifaa chako, uongeze la mwenye kasha. Kwa hiyo mzunguko wa mita 10 ni wa haki. Ukipekua mita 30 nje bila dalili yoyote, rudi kwenye karatasi.

## Fumbo lenye alama zinazofuatana

Baadhi ya mafumbo hukutoa alama ya kwanza hadi ya pili, ya pili hadi ya tatu, na kuendelea. Kokotoa zote mfululizo kutoka kwenye alama zilizohifadhiwa: LENGO1 inazaa LENGO2, LENGO2 inazaa LENGO3. Kukadiria majiranukta hadi desimali ya tatu kunakugharimu chini ya mita moja na nusu kwa kila hatua, jambo linalovumilika. Ukienda kwenye kila alama, ukahifadhi mahali uliposimama na kukokotoa kutoka hapo, unarundika kosa la mita kadhaa kila mara.

Kagua kila alama kabla ya kuendelea na inayofuata. Kosa la alama ya pili likigunduliwa kwenye ya sita, kazi yote ya katikati imepotea.

## Ukiwa wewe ndiye unayeficha

Pima mahali pa kasha kwa wastani, kwa siku zaidi ya moja ukiweza. Kisha kokotoa mwelekeo na umbali kutoka majiranukta ya mwanzo kwenda kwenye kasha, ukitumia majiranukta yale yale utakayoyachapisha. Kwa umbali unaozidi mita 500, toa mwelekeo wenye desimali moja. Digrii kamili zinaweza kukosea kwa nusu digrii, na nusu digrii kwenye kilomita 2 ni mita 17.

Andika waziwazi kwamba ni kaskazini ya kweli, umbali ni wa mita, na mwelekeo ni kutoka wapi kwenda wapi. Kisha mpe rafiki asiyejua jibu, akokotoe kwa kifaa chake, na umwombe akusomee majiranukta aliyopata kabla hujachapisha.